Mkaguzi Achagua Gari

Gari la saba shemeji yangu alilikataa kwa sababu ya skrubu mbili. Si za injini, si za breki. Zilikuwa skrubu za kibao cha namba, nyuma kabisa, ambazo kwa maelezo yake zilitakiwa kuwa na kichwa cha mviringo, na hizi zilikuwa za kichwa bapa. Mimi nilikuwa nimelala chini ya gari hilo dakika arobaini nzima, mchanga umeniingia shingoni, tochi nimeing'ata mdomoni, nagonga sakafu kwa mpini wa bisibisi na kusikia mlio mkavu wa bati zima. Kwa gari la umri ule, fundi bodi anaweza kukaa miaka bila kuusikia mlio huo. Nikatoka chini nimejaa furaha, nikamkuta ameshafunga daftari.

"Halijapita," akasema.

Nikamwomba mwenye gari maji ya kunywa, kwa sababu nilijua nikifungua mdomo kwa jambo lingine lolote tutaaibishana mbele ya watu.

Huyu shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa, na ukikutana naye barabarani utamdhania mpole. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa magari ya serikali, kwenye ule uwanja wa saruji wenye shimo refu katikati, ambako gari husimamishwa juu ya shimo na mkaguzi hushuka kulitazama tumbo. Mji mzima unamwita Mkaguzi, hata wanawe wanapokuwa wamemkasirikia. Hakula rushwa hata ya soda, na kwa hilo namvulia kofia mpaka leo. Lakini madereva wa malori walikuwa wakisikia yuko zamu, wanageuza. Kila mkaguzi pale alikuwa na muhuri wake wa chuma wenye namba. Gari likikataliwa, aliigonga namba hiyo kwa nyundo kwenye bati la ndani, karibu na tairi la akiba, ili mwenye gari asije akalipeleka kwa mkaguzi mwingine siku ya pili. Likirudi limetengenezwa, mkaguzi yuleyule aliizungushia namba yake duara la vitone. Namba ya shemeji ilikuwa kumi na saba, na wenye magari mjini walikuwa wakiitaja kwa kununa.

Sasa amestaafu, shimo hana, anakagua nyumba. Anakagua bawaba za milango. Anakagua mfuniko wa birika. Dada aliniapia kwamba kuna asubuhi alimwona akikagua mkate, anaugeuza juu chini.

Gari alilokuwa akilitafuta ni la spoti, la zamani, lile dogo la mgongo wa mviringo ambalo injini yake iko nyuma na haitumii tone la maji. Rejeta halina. Feni inapuliza hewa juu ya silinda, basi, ndiyo inayoipoza, na kwa sababu hiyo gari lenyewe lina sauti kavu ya kukoroma ambayo utaisikia kabla hujaliona. Mwaka aliomuoa dada, walikuwa wakisukuma pikipiki iliyokatika mnyororo kwenye lami, jua la saa saba, dada ameshika viatu mkononi, gari la namna hiyo likawapita. Dada akasema siku moja na yeye atakaa kwenye kile kiti cha pembeni ya dereva, safari ndefu, bila mtoto na bila mzigo. Shemeji akamwambia atakaa. Wakazaa, wakajenga, wakasomesha, ahadi ikasubiri miaka thelathini na minane. Alipopata kiinua mgongo chake, dada mwenyewe ndiye aliyemkumbusha. Walikubaliana wanunue lililochoka, tulijenge upya kwenye gereji yangu, mimi nichomelee bodi bila kuwatoza kazi. Nilidhani ni shughuli ya mwaka mmoja. Miaka miwili na nusu ikapita tukiwa bado tunachagua.

Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Gari hilo liko chini sana. Mtu haliingii, anajidondosha ndani, na kutoka ni lazima magoti yamnyanyue. Dada yangu magoti yanamwishia. Daktari alishamweleza kwamba gegedu imelika na itaendelea kulika, taratibu, haitarudi. Kwa hiyo kila mwezi uliopotea kwa skrubu ulikuwa mwezi wa magoti ya dada, na watu wote tulijua hivyo isipokuwa mwenye daftari.

Tangu mwanzo nilimwambia jambo moja, nikalirudia mpaka nikaichoka sauti yangu mwenyewe: nunua bodi. Injini inafunguliwa mezani, vipuri vinaagizwa, viti vinashonwa, rangi inapigwa. Kutu ikishakula mbavu za chini, umenunua huzuni. Alinisikiliza kwa adabu, akaandika, halafu akachora jedwali la safu ishirini na tatu. Bodi isiyo na kutu, sawa. Lakini pia injini iwe ileile iliyotoka nayo kiwandani, vioo viwe vya asili, vitasa viwe vya asili, na liwe toleo la mwanzo lakini lenye breki za toleo lililofuata, jambo ambalo hata kiwanda chenyewe hakikulifanya. Wiki hii silinda nne zinatosha, wiki ijayo bila sita hiyo si spoti. Nikamuuliza anatafuta gari au anatafuta mkwe. Akasema kwenye wakwe alifanya haraka, na matokeo tunayaona.

Sikatai kwamba mengine yalistahili. Jekundu la daktari wa meno liling'aa vizuri sana, mpaka shemeji alipotoa sumaku yake yenye kamba na kuiweka mlangoni, ikaanguka chini. Puti tupu, ule udongo wa kuzibia kutu, nene kama kidole gumba, bati hakuna. Hapo nilimpongeza kwa moyo mweupe. Lakini jeupe la meneja wa hoteli alilikataa kwa kuwa mwanya wa mlango mmoja ulizidi wa mwenzake kwa milimita mbili. Nikamwambia hata nyusi zake hazilingani, na bado dada alimpitisha. La njano tulisafiri mwendo wa saa tano kulifuata, akalikataa akiwa bado hajashuka kwenye gari langu, kwa namna lilivyosimama tu.

La nane ndilo lililotaka kunitoa machozi. Lilikuwa la bluu, la mpima ardhi mmoja aliyehamishwa kikazi na akawa hana pa kuliweka. Bodi nzima. Injini iliwaka kwa mara ya kwanza. Skrubu za kibao cha namba zilikuwa za mviringo, nilizitazama mimi kabla ya salamu. Shemeji akalizunguka kwa saa mbili, jedwali likajaa alama za ndiyo, na mimi nikaanza kupiga hesabu ya lori la kulibebea. Halafu akainama nyuma, akapitisha kidole chini ya injini, akakileta karibu na macho. Tone moja la mafuta.

Nikamweleza, kwa heshima yote niliyokuwa nimebaki nayo, kwamba injini za aina hii zote hutoka jasho. Maji hazina, kwa hiyo mafuta nayo yanafanya kazi ya kupoza, yanapita kwenye maungio mengi, na chuma kikipoa kinasinyaa na tone linatoka. Fundi yeyote anayezijua atamwambia hivyo. Akajibu kwamba kuvuja ni kuvuja, na kwamba katika maisha yake hajawahi kulipitisha gari linalodondosha mafuta. Kesho yake saa nne asubuhi mpima ardhi akamuuzia mtu mwingine.

Nilikwenda kwao kumweleza dada mwenyewe, maana nilijua mumewe atamsomea jedwali. Nikapitia mlango wa nyuma, kwenye ua mdogo wa kufulia, na nikamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikafikiri amezidiwa. Akaninyooshea kidole nisimsogelee, akaweka mkono mmoja kwenye goti na mwingine ukutani, akajinyanyua kidogo kidogo, uso umemkunjamana, mpaka akasimama wima. Halafu akasema, "Nne," akaanza kushuka tena.

"Dada, unafanya nini?"

"Mazoezi ya gari," akasema. "Na usimwambie."

Alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi, mara kumi, wakati mumewe yuko mbele anakagua bomba. Ile ndoo aliichagua kwa futi. Aliwahi kumsikia mumewe akitaja urefu wa kiti kutoka chini, akapima vyombo vyote vya nyumba mpaka akapata kinacholingana. Mwaka wa kwanza alikuwa anasimama bila kushika kitu. Mwaka wa pili kwa mkono mmoja. Sasa ni goti na ukuta. Nilipomweleza habari za lile gari akaniuliza ilikuwa bluu ya namna gani. Nikamwambia ya kawaida tu. Ilikuwa nzuri mno, na nilirudi gereji nikatupa spana ukutani.

Wiki tatu baadaye mteja wangu mmoja akanidokezea kwamba kuna mkunga mstaafu, mjane, ana gari la namna hiyo bandani na halijaguswa miaka ishirini na minne. Safari hii dada akasema anakwenda. Shemeji akamwambia kuna vumbi. Dada akamjibu kwamba vumbi analo hata nyumbani, akapanda kiti cha mbele, mumewe akakaa nyuma na daftari lake.

Mkunga alikuwa mama mrefu, mkavu, wa maneno machache. Alitufungulia banda la matofali lenye sakafu ya saruji, safi kuliko gereji yangu, akavuta shuka. Rangi ya kijivu iliyofifia, tairi zimelala, kioo kimoja kina ufa. Nikaingia chini. Nikagonga mbavu za chini, nikagonga sakafu, nikagonga mahali pa kushikia tairi za nyuma, ambapo huwa hapasalimiki. Bati zima kila mahali. Gari lililositishwa kutembea likiwa bado jipya, likawekwa pakavu, mvua haikuligusa tena. Nilibaki nimelala pale chini nikiomba kimya kimya skrubu ziwe za mviringo.

Injini iko nyuma, kwa hiyo tairi la akiba liko mbele. Shemeji alifungua boneti, akaondoa tairi, akawasha tochi. Mwanga wake ukaganda mahali pamoja. Nikatoka chini nikachungulia. Pembeni ya nafasi ya tairi, kwenye bati, palikuwa pamegongwa kumi na saba. Duara hakuna.

Ukifikiria si ajabu kubwa. Magari ya aina hiyo hayakuwahi kuzidi kumi na tano mjini, na wakaguzi walikuwa wanne. Lakini mtu hategemei kukutana na mkono wake mwenyewe ndani ya banda la mtu.

Mkunga hakungoja aulizwe. Alitoa karatasi iliyohifadhiwa kwenye mfuko wa plastiki na akampa. Niliisoma begani kwa shemeji. Mwandiko ulikuwa wake, ule uliosimama wima. Alikuwa ameandika kwamba gari linavuja mafuta na lisiingie barabarani mpaka likauke kabisa. Mkunga akatueleza kwamba mumewe alilipeleka kwa mafundi watatu. Walibadilisha gasketi, walifunga, walifungua, likakauka siku mbili na kudondosha tone siku ya tatu. Aliambiwa na wengi alipeleke kwa mkaguzi wa mji mwingine, au apenyeze kitu. Alikuwa mtu wa kufuata kilichoandikwa. Akaliweka bandani akisema atalikausha, na kila Jumamosi alikuwa akilifuta vumbi, mpaka alipofariki.

Shemeji akakunja karatasi vizuri, kwa mikunjo yake ya zamani.

"Mama," akasema, "namba hii ni yangu."

"Najua," mkunga akajibu. "Umezeeka, lakini unavyoinama ni vilevile. Nilikuwepo siku ile. Nataka kujua jambo moja tu. Lilikuwa la kukataliwa?"

Nilitamani nijibu mimi. Nilikuwa na jibu tangu lile la bluu, nimelibeba wiki tatu, lilikuwa linaniwasha ulimi. Nikajikaza. Shemeji alitazama tochi yake, akaizima, akaiwasha tena.

"Hapana," akasema. "Yote ya aina hii yanatoka jasho. Sikujua. Mwezi uliopita nilikuwa bado sijui."

Mkunga akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa majibu ya kipimo alichokwisha kukihisi. Hakukasirika. Ningependa akasirike, ingekuwa nafuu kwa wote.

Hapo ndipo tukasikia mlango wa gari ukifungwa. Dada alikuwa amezunguka upande wa pili, amefungua, amejidondosha kwenye kile kiti cha pembeni ya dereva, vumbi limemrukia mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekaa ameshika mkoba mapajani, anatazama mbele kupitia kioo chenye ufa, kwenye ukuta wa matofali, anatabasamu. Tukamwacha. Baada ya muda akafungua mlango ashuke. Akaweka mkono gotini, akatafuta ukuta kwa mkono wa pili, ukuta haukuwepo. Akajaribu tena. Mara ya tatu shemeji akaweka daftari chini na kumfuata, akamshika chini ya kwapa, hakumweza, nikaingia upande mwingine, na mkunga, ambaye maisha yake yote alinyanyua watu, akatuonyesha pa kushika. Tulimtoa watu watatu.

"Ulikuwa unaweza," shemeji akamwambia, anahema.

"Lile la bluu ningetoka mwenyewe," dada akasema.

Hakulisema kwa ukali. Alikuwa anajipangusa vumbi. Lakini nilimwona shemeji akilipokea, na sikumwonea huruma, au nilimwonea kidogo tu. Akaenda kuokota daftari, nikadhani, Mungu wangu, anaandika kasoro. Akalitia mfukoni bila kulifungua, akamwambia mkunga kwamba tunalichukua, kama lilivyo. Mkunga akakubali kwa sharti moja. Mumewe alikuwa akisubiri duara. Siku gari litakapotembea, aitwe aone duara likizungushwa.

Ujenzi ulichukua miezi kumi na moja, na asije mtu akaniambia kwamba mzee alibadilika akawa malaika. Alinikatalia mshono wa kuchomelea mara tatu kwa kuwa haukunyooka, mahali ambapo hapataonekana mpaka kiama. Nikamkabidhi msasa, nikamwambia aunyooshe yeye mwenyewe aone. Mtu aliyezoea kuandika neno "badilisha" kwa sekunde mbili akagundua kwamba kubadilisha ni siku tatu, na viganja vyake, ambavyo havikuwahi kushika zaidi ya kalamu, tochi na nyundo ya muhuri, vikatoka malengelenge. Injini tuliifungua mezani, tukaweka kila gasketi mpya. Ikawaka. Siku ya tatu ikadondosha tone. Alikuja akaweka karai chini yake, akaondoka.

Wiki moja kabla ya kumaliza tulifunga viti, sponji ya asili, urefu wa asili. Dada akaja kujaribu. Akageuza mgongo mlangoni, akaanza kushuka, akafika katikati, akasimama hapo. Magoti hayakukubali kwenda chini wala hayakutaka kurudi juu. Tulimshika akasimama. Akasema gari limependeza sana, na kwamba hata ukilitazama kwa nje tu, mtu anashiba. Akaniomba nimrudishe nyumbani.

Asubuhi yake nilifika gereji nikakuta pameshafunguliwa. Shemeji alikuwa amelala nusu ndani nusu nje ya gari, drili mkononi. Ile sakafu niliyoinyoosha kwa wiki tatu, bati lililosalimika miaka yote ile, alikuwa ameitoboa matundu manne, na moja lilikuwa la upogo. Alitengeneza vipande vya chuma, akainua kile kiti sentimita kumi na mbili, akakielekeza kidogo mlangoni. Kwenye nguzo ya mlango alikuwa amechora kwa chaki mahali pa kuweka kishikio, akaniambia nikichomelee pale, kiwe na nguvu za kubeba mtu. Miaka miwili na nusu alinitoa roho kwa vitu vya asili. Nikainama nikatazama alichofungia.

"Shemeji," nikamwambia, "skrubu hizi ni za kichwa bapa."

"Nipe bisibisi," akasema.

Siku ya kulitoa, mkunga alikuja na akakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa gereji. Dada akageuza mgongo, akakamata kishikio, akakaa, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Mwenyewe. Ikabidi avue kofia maana kichwa kilikuwa kinagusa paa. Shemeji akawasha injini, ile sauti kavu ikajaa gereji, na kwenye karai mlikuwa na matone mawili. Akaenda mbele, akafungua boneti, akatoa mfukoni msumari wa chuma na nyundo ndogo. Mkunga akasogea kuona. Akagonga kitone, akasogeza, akagonga kingine, polepole, akiizunguka kumi na saba.

Dada akatoa kichwa dirishani. "Unagonga nini tena huko? Limekataliwa?"

"Limepita," akasema, na akafunga boneti.

Akazunguka kuelekea upande wa dereva. Halafu akarudi upande wa dada, akautazama mlango kama umefunga sawasawa, akaufungua, akaufunga tena, akapitisha kidole kwenye mwanya. Nikamwambia apande gari aondoke kabla sijamsukuma.